Mshika Panda wa Mtakatifu Isidro

Medellín, 17 Januari 2010

Mdogo wangu Arcesio,

Nisalimie Mama, umwambie arepa zake za unga wa mahindi zilifika zikiwa bado laini. Halafu usiikunje barua hii ukaitia mfukoni kama ulivyofanya ile ya Krismasi. Keti uisome.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo habari zako nazipata kwa Mama. Ameniambia kwamba tangu mlima ulipoliporomokea jipu letu la Willys mwezi wa kumi na moja, Baba hajakusemesha. Kwamba unakula kwenye baraza la nyuma, pamoja na magunia ya kahawa. Kwamba ukipita mbele ya baa ya Ovidio wanapigapiga meza kwa vidole, mbio mbio, kuigiza miguu ya mtu anayekimbia. Nililia, kisha nikataka kupanda basi nije nimtie adabu Ovidio mbele ya wateja wake. Sikuja. Nimekuwa nikiwaza jambo jingine, na ndilo ninalokuandikia.

Kazi yangu unaijua, ingawa wewe na Baba mnajidai hamuijui. Tunamlaza mtu ndani ya mashine kubwa ya sumaku, tunamwonyesha picha za nyuso: huyu amekasirika, huyu ameogopa, huyu hana neno. Mashine inatuonyesha sehemu ya ubongo inayoamka anapoziona. Kuna kipande kidogo ndani kabisa ya kichwa, kimoja kila upande, ambacho kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Kwa watu wengine kengele hiyo inagonga taratibu. Kwa wengine, uso tu wa mtu aliyeogopa unatosha kuigonga kana kwamba nyumba inaungua. Tunachukua na mate yao, tunaangalia vinasaba, na humo tunakuta tofauti ndogo ambayo watu wanazaliwa nayo. Wenye aina moja, kengele yao huelekea kuwa kali kuliko ya wenye aina nyingine.

Umeshajua ninakokwenda. Mama anasema neno pekee ulilomwambia kuhusu siku ile ni kwamba kabla hujaruka kutoka garini ulimtazama Baba usoni.

Njoo ujitolee. Tunahitaji wanaume wa milimani. Siku yako mimi sitakuwepo, maana ni marufuku kumpima ndugu yako, ila nafasi nimekuandikia mwenyewe, Februari tarehe kumi na moja. Mwenzangu atakupokea. Uje na kitambulisho, na usivae ule mkanda wako wenye chuma kikubwa kama sahani.

Dada yako akupendaye,
Nohemí


San Blas, 14 Februari 2010

Dada Nohemí,

Nilikwenda, haya. Nevardo wa jirani alinisindikiza. Mashine ina kelele za mtu anayegonga bati, na nyuso ni nyingi na zote za watu wasiojulikana. Ukishatemea mate kwenye kichupa wanakupa juisi na biskuti. Basi, yamekwisha, usinidai maelezo zaidi.

Unauliza kwa nini sipokei simu. Kwenye simu unanijua sauti, na nikija mwenyewe utanijua uso. Barua haina uso, ndiyo maana naiweza.

Mama hajakueleza yote. Hajakueleza la mti. Unajua mti wa mbele kushoto wa machela ya kubebea sanamu ya Mtakatifu Isidro siku ya sikukuu ni wa Baba, na kabla yake ulikuwa wa Babu. Mwaka huu ulikuwa uje kwangu. Bega nilishapimwa, na mto wa kuwekea begani Mama alishaushona. Januari Baba akasimama kanisani, mbele ya padri na wabebaji wote, akasema mwanawe hajawa tayari, akakohoa, akaketi. Kwa hiyo Mei atapanda nao tena ule mlima wa makaburini, na umri wake ule. Hata panda sikupewa! Unakumbuka panda ni kazi ya nani? Ya vijana wanaoanza kuota ndevu. Unatembea kando ya mbebaji na gongo lako lenye panda, unamtazama usoni, ukiona amechoka unaliweka chini ya mti kabla hajasema. Hata hiyo wameona nitaikimbia.

Jumapili Nevardo anakuja kula. Baba anamketisha kwenye kiti changu na kummiminia pombe ya aguardiente kwa mkono wake. Simchukii. Laiti ningeweza, maisha yangekuwa mepesi. Siku ile alikuwa amesimama kwenye bampa ya nyuma. Kati yetu yeye ndiye angeruka kwanza. Badala yake aliingia kwenye tope lililomfika kifuani, akamshika Baba makwapani, akamvuta. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kona ya barabara, nimeukumbatia mgomba. Ndivyo walivyonikuta, na ndivyo wanavyosimulia kwa Ovidio.

Sitaki kengele yoyote, dada. Ukikuta kitu kwenye mashine yako, kaa nacho.

Arcesio


Medellín, 12 Machi 2010

Arcesio wangu,

Nimeangalia.

Sikupaswa. Watu wetu ni namba tu, na namba haina jina. Lakini yako niliipanga mimi, na wiki hii majibu ya mate yaliporudi sikuweza kujizuia. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikafungua.

Unayo, mdogo wangu. Ile aina ya kengele kali unayo, umeirithi pande zote mbili. Na picha za ubongo wako zinakubaliana nayo: kila ulipoonyeshwa uso wa mtu aliyeogopa, kile kipande kiliwaka kuliko karibu watu wote tuliowahi kuwapima. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikajikuta nakishika kwa kidole kama mjinga.

Kwa hiyo hebu sikiliza. Hukumwacha Baba kwa kukosa mapenzi. Hukumwacha kwa kukosa uanaume, na Ovidio na walevi wake wanyamaze. Ulizaliwa hivyo. Ulipomwona Baba ameogopa, mwili wako ulikimbia kabla wewe mwenyewe hujaulizwa. Utajionea aibu kwa urefu wako? Utajionea aibu kwa rangi ya macho?

Najua ulisema nikae nacho. Nimeshindwa. Basi hilihili linaloleta barua hii lina na ya Baba. Usinikasirikie.

Nohemí


Medellín, 12 Machi 2010

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba baraka yako.

Najua hupendi nikuandikie mambo ya kazi. Ulishaniambia kwamba kupiga picha vichwa vya watu si kazi ya kumtoa mtu nyumbani. Leo nivumilie kidogo, kwa ajili ya Arcesio.

Alikuja kwetu, akapimwa, na majibu nimeyaona kwa macho yangu. Kuna kitu watu wanarithi kwa wazazi wao, kinachofanya ubongo ushtuke kupita kiasi mbele ya uso wenye hofu. Arcesio anacho. Alichokifanya siku ile barabarani hakukichagua. Kimo ndani ya damu yake.

Nakuomba umrudishe mezani. Sikuwahi kukuomba kitu tangu niondoke.

Binti yako mtiifu,
Nohemí


San Blas, 5 Aprili 2010, Jumatatu ya Pasaka

Dada Nohemí,

Barua yako kwa Baba ilisomwa na Mama, kwa sauti, maana miwani ya Baba ilibaki kwenye tope. Baba alimsomesha mara mbili. Kisha akatoka barazani nilipokuwa nakula, akainama, akachukua sahani yangu ya maharage na kuipeleka mezani. Nikamfuata. Nilikaa kwenye kiti changu.

Tulipomaliza akasema, "Kumbe ni mimi niliyekupa."

Ungedhani mambo yameisha vizuri, siyo? Jumapili ya Matawi, baada ya misa, alimwendea padri akamwambia amtoe kwenye mti. Alisema nyumba yake ina damu ya woga na haifai mtakatifu abebwe na watu kama hao. Padri alibisha, wabebaji wakabisha, Baba akakataa katakata. Mti amepewa Nevardo. Baba mwenyewe ndiye aliyemtaja. Nevardo alibadilika rangi akanitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu.

Tangu hapo Baba hashuki uwanjani. Siku ya soko nimeshuka na mahindi mimi, yeye aliyekuwa akishuka hata akiwa na homa. Jana nilimkuta mbele ya kioo cha kunyolea, povu upande mmoja, upande mwingine ameshanyoa, wembe ameushika hivi hivi. Alikuwa anajitazama. Aliponiona akajifanya anatafuta taulo.

Sasa ananisemesha, ndiyo. Kwa upole, kama unavyomsemesha mgonjwa. Ule ukali wake wa zamani ningeurudisha leo ningepewa nafasi.

Nieleze kitu kimoja. Hiyo mashine yenu, inaweza kumkosea mtu? Nasema tu. Inaweza ikatoa jibu la huyu, kumbe si lake?

Arcesio


Medellín, 13 Aprili 2010

Mdogo wangu,

Umerudishwa mezani na bado unanung'unika! Mama alinipigia akilia kwa furaha. Nami nilikaa chooni kazini nikalia vilevile, ukitaka kujua.

La Baba na mti limeniuma. Lakini mpe muda. Amesikia jambo zito, na wewe mwenyewe unajua alivyo, akibeba kitu hakitui mpaka kimvunje. Mwambie kurithi si kosa. Mwambie hata mimi huenda ninayo hiyo damu, na bado nimevuka nusu ya nchi hii kwa mabasi yasiyo na breki.

Swali lako nimelielewa. Unaona haya, unatafuta mlango wa kutokea. Hapana, mashine haimkosei mtu. Namba ni namba, mate ni mate, na mwenzangu aliyekupokea ni mwangalifu kuliko mimi. Usipoteze nguvu kujidanganya kwamba jibu ni la mwingine. Likubali uendelee kuishi.

Na unajua Baba alimwambia nini Mama? Eti, "Huyu binti kumbe anafanya kazi ya maana." Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza yangu. Nicheke ukitaka.

Nohemí


San Blas, 20 Aprili 2010

Nohemí,

Ibandue hiyo karatasi.

Si mimi niliyelala kwenye mashine yenu. Ni Nevardo.

Naandika upesi nisije nikaacha. Tulifika asubuhi, tukaingia, tukaketi kwenye yale mabenchi yenu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nikaiona mashine, lile shimo lake, na mtu amelazwa anasukumwa ndani kwa kichwa, miguu imebaki nje. Nilitoka jasho. Niliona tope. Nikamwambia Nevardo siwezi, turudi. Akaniambia dada yangu ataaibika kazini kwa kuniandikia nafasi bure. Nikamwambia siwezi, Nevardo, na zaidi ya hapo sitaki waone. Nilikuwa na hakika wakichungulia kichwani mwangu watanikuta pale kwenye mgomba. Akanyoosha mkono akasema, "Lete hicho kitambulisho."

Mwenzako mwangalifu alikishika, akaandika namba, akamrudishia. Picha yangu ile nilipigwa nikiwa na nywele mpaka mabegani. Mnashinda mnasoma nyuso za watu, Nohemí, na hakuna aliyeutazama wa mtu aliyesimama mbele yake! Nilikuwa nimeshatoka nje. Nilimsubiri barabarani nikila andazi la jibini, na nililimaliza, ujue, nililifurahia.

Kwa hiyo kengele hiyo ni ya Nevardo. Damu ya woga ni ya yule aliyeingia kwenye tope. Na Baba amemkabidhi yeye mti wa Babu kwa sababu eti hana.

Ulipomwandikia Baba ningeweza kusema siku ileile. Sahani yangu ilikuwa mkononi mwake. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekaa nje muda mrefu na maharage mezani yana moto. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine nzuri zaidi. Na kila siku nikinyamaza Baba anazidi kuinamisha kichwa kwa kitu asichonipa.

Nikisema, atarudi kwenye mti wake, nami nitarudi barazani, na safari hii sina pa kujificha: nilikimbia, halafu nikaukimbia hata uchunguzi wa kukimbia kwangu. Nisiposema, ataingia kaburini akiamini ni yeye aliyeniharibu.

Sikukuu ni Mei kumi na tano. Niambie la kufanya. Hapana, najua la kufanya. Niambie tu kitu chochote.

Arcesio


Medellín, 27 Aprili 2010

Arcesio,

Nilipofika kwenye andazi nilicheka. Baada ya hapo sikucheka tena.

Nimekwenda kwa mkuu wangu nikamweleza yote: kwamba namba ile si ya mtu aliyesaini, na kwamba nisingejua kama nisingefungua nisichopaswa kufungua. La pili ndilo lililomkasirisha. Namba imefutwa, na mimi nimetolewa kwenye kazi ya nyuso. Nimewekwa stoo, napanga makaratasi ya miaka iliyopita. Wenzangu wananisalimia kwa adabu, na ile adabu ndiyo inayoniua.

Lakini si hilo ninalotaka ulijue. Wewe umeungama uongo wako. Wangu ni mkubwa zaidi. Hata kama mate yangekuwa yako, nisingeweza kukuambia nilichokuambia. Tofauti tunayoiona ni ndogo mno. Huonekana ukikusanya watu wengi ukawapigia wastani, na hata hapo watafiti wanabishana. Ukimchukua mtu mmoja ukauliza huyu atakimbia au atabaki, haikuambii kitu. Kengele si miguu. Hilo nalijua tangu mwaka wa kwanza, na wanafunzi wanaokuja kwetu mimi ndiye ninayewafundisha. Nilikuandikia kinyume kwa kuwa nilikuonea huruma. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba kwa miaka yote hii Baba hajawahi kuniuliza ninafanya nini huku, na nilitaka mara moja tu kazi yangu ilete kitu pale mezani kwake. Ikaleta damu ya woga.

Nilikuambia namba ni namba. Nikikumbuka sentensi ile masikio yananiwaka.

Na Nevardo! Mtu ambaye hakuniruhusu kujua lolote juu yake, na sasa wewe na mimi tunajua, kwa ujinga wangu. Mwambie yeye kwanza, umwombe radhi kwa niaba yangu, umweleze na hayo ya wastani. Asijione ana ugonjwa.

Kisha mwambie Baba. Nilianza kumwandikia nikachana. Barua haina uso, ulisema, na nadhani hiyo ndiyo iliyotuponza wote wawili. Mwambie akiwa anakutazama.

Nohemí


San Blas, 17 Mei 2010

Dada,

Nevardo nilimkuta kwenye tangi la kuoshea kahawa. Nilimweleza yote, na ya wastani vilevile, ingawa hapo nilikorogakoroga. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakoroga maji kwa mti. Akasema hakuhitaji mashine kumwambia. Siku ile aliogopa mpaka akajikojolea, na tope ndilo lililomsitiri. Alimwona Baba uso umemgeuka, miguu ikampeleka kule. "Yako ikakupeleka kwingine," akasema. "Usiniulize kwa nini, mimi mwenyewe sijui." Kuhusu wewe amesema unamdai biskuti nyingine, maana zile zilikuwa kavu.

Baba nilimwambia siku hiyohiyo, wakati wa chakula cha mchana. Sikuketi. Nilisema nimesimama, mikono kwenye mgongo wa kiti, nikimtazama, na sijui kama nimewahi kufanya kitu kigumu kama kile. Nikasema damu uliyoambiwa si yangu wala si yako. Nikasema nilimtuma Nevardo kwa sababu niliogopa. Nikasema Nohemí alikosea, na ameadhibiwa, ila kosa la kwanza ni langu. Mama alikuwa amesimama na upawa, supu inadondoka sakafuni.

Nikachukua sahani yangu nikaelekea barazani. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Siku ile uliona nini usoni kwangu?"

Nohemí, tangu Novemba hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliuliza kwa nini nilikimbia. Nikamwambia, "Nilikuona umeogopa, Baba. Sijawahi kukuona umeogopa. Nikadhani basi, ikiwa wewe umeogopa, hakuna cha kufanya."

Baba alianza kuvunja arepa vipande vidogo bila kuvila. Kisha akasema, akiiambia sahani, "Sikukasirika kwa kuwa ulikimbia. Nilikasirika kwa kuwa uliniona."

Mama akaweka upawa chini akatoka. Mimi sikujua nikae au niende. Baba akaninyooshea kiti kwa kidevu, vile anavyofanya, nikakaa. Usidhani tulikumbatiana. Tulikula supu, ilikuwa imepoa, na kila mmoja wetu alikuwa na haya ya kumtazama mwenzake, tukawa tunapishana macho kwenye bakuli la chumvi.

Kesho yake Nevardo alikuja kuurudisha mti. Baba akaukubali mbele ya padri bila maelezo, na watu wakasema mzee ana vituko. Mimi nikangoja nisikie nitawekwa wapi. Baba akatazama lile rundo la mapanda pale ukutani kwa sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, akachagua moja, akalijaribu kwa kuliegemea, akanipa. Wale vijana wa ndevu changa walicheka. Ovidio alikuwepo, naye alicheka, vidole vyake vikagonga benchi la kanisa. Nililishika panda langu nikasimama nao mstarini, jitu zima, nawapita wote kwa kichwa. Uso ulikuwa unaniwaka moto. Sikuondoka.

Juzi tukapanda. Unaijua ile njia, ukishapita nyumba ya mwisho inageuka utelezi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Bega la Baba si lile la zamani. Wengine wote walikuwa wanamtazama mtakatifu na mahindi aliyopambwa nayo, mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, na sikuyaondoa macho kwake tangu mlango wa kanisa mpaka juu makaburini. Aliogopa, dada. Aliogopa kuanguka mbele ya watu, nikaiona hofu ileile ya kwenye Willys, midomo ileile, na safari hii alijua kwamba ninaiona na hakugeuza uso. Kila nilipoiona, niliweka panda.

Mdogo wako,
Arcesio